Rangi Mbili za Chumba cha Mama

Mama alipokuja kukaa nasi Kangemi, Januari 2019, macho yake yalikuwa yamefika mahali ambapo chumvi na sukari alizitofautisha kwa ulimi. Waswahili husema macho hayana pazia. Ya mama yalikuwa nalo: mtoto wa jicho, pande zote mbili, na kule nyumbani Vihiga alikuwa ameambiwa kwamba huo ndio uzee wenyewe, avumilie. Nilimleta Nairobi atibiwe. Lakini kabla ya hospitali nilitaka apate chumba.

Tulikuwa na vyumba viwili vya kulala, orofa ya tatu. Watoto nikawahamishia sebuleni, nikabaki nimesimama katikati ya chumba chao kitupu nikikitazama kana kwamba sijawahi kukiona. Chini, mpaka usawa wa kifua, ukuta ulikuwa na rangi ya mafuta ya kahawia. Juu ulikuwa krimu, au uliwahi kuwa krimu. Ni upakaji tunaoujua sote kutoka shuleni na zahanati, chini kweusi ili alama za mikono zisionekane. Mama alikuwa mlangoni akipapasa fremu. Sikutaka alale mahali panapofanana na foleni ya dawa.

Nilikuwa na sababu ya kuogopa kuchagua rangi dukani. Mwaka 2006, nilipopata kazi yangu ya kwanza na chumba changu cha kwanza Kawangware, niliingia jioni moja kwenye hadiwea moja karibu na River Road. Nikapewa kadi ya rangi, vipande vidogo vidogo, kila kimoja kama ukucha wa kidole gumba. Nikachagua kijani cha majani machanga ya chai. Chini ya taa nyeupe za mirija za duka lile kilikuwa kizuri mno. Nikapanda matatu namba 46 na mkebe wangu mapajani, nikapaka mwenyewe usiku ule ule, na chini ya balbu yangu ya njano kile kijani kikawa nyongo. Pesa za mkebe mwingine sikuwa nazo, kwa hiyo niliishi ndani ya nyongo miaka miwili. Kilichoniuma ni kwamba dukani nilikuwa nimeipenda kweli. Hakuna aliyenidanganya. Nilikuwa nimeichagulia rangi mahali ambapo haingeishi.

Safari hii nikaamua nitalinganisha rangi mbili tu, na nitazilinganisha ndani ya chumba chenyewe.

Mama akasema tutakwenda mjini pamoja. Tulishuka na Waiyaki Way asubuhi ya jua kali, tukapita Westlands, tukaingia Uhuru Highway, naye amekaa dirishani na kitambaa chake cha kanisa kichwani. Mabango hakuweza kuyasoma. Lakini jengo la KICC lilipojitokeza akalinyoshea kidole: "Lile nalijua. Lina rangi ya chungu." Ni kweli. Jengo hilo, lililokamilika mwaka 1973 kwa michoro ya Karl Henrik Nøstvik na David Mutiso, lina wekundu wa udongo uliochomwa. Kisha mama akatazama juu ya jengo akasema, "Leo mawingu yametanda." Hapakuwa na wingu hata moja. Ilikuwa ile samawati ya Januari ambayo Nairobi huwa nayo kabla mvua ndefu hazijaanza kujikusanya. "Hakuna mawingu, mama," nikamwambia, kwa sauti ya mtu anayemsahihisha mtoto. Hakujibu. Sentensi ile yangu ningependa kuirudisha.

Tulirudi na mikebe miwili midogo. Mmoja ulikuwa magnolia, ile krimu yenye wekundu wa mbali sana ambayo imepakwa kwenye nyumba za kupanga nyingi kuliko rangi nyingine yoyote ninayoijua katika jiji hili. Wa pili ulikuwa samawati hafifu, matone machache tu ya rangi ndani ya nyeupe. Magnolia ilikuwa chaguo la fundi niliyemwita kupaka. "Haijawahi kumkosea mtu," alisema, na nilimwelewa: mpangaji akihama, anayeingia haulizi kitu. Samawati ilikuwa yangu. Nilitaka chumba chenye pumzi, ukuta unaorudi nyuma kidogo ukiutazama, maana chumba chenyewe kilikuwa mita tatu kwa tatu na nusu, na jengo la jirani liko karibu kiasi kwamba ukinyosha ufagio dirishani unaweza kuligusa.

Fundi akapaka viraka viwili ukutani, bega kwa bega, kila kimoja kama ukurasa wa gazeti lililofunguliwa. Hapo tulikosea, na kosa hilo nimeliona katika nyumba nyingi tangu wakati ule. Rangi mbili zikikaa pamoja husukumana. Magnolia ikawa njano kuliko ilivyo, na samawati ikawa kama imetoka baharini. Kuna mkemia Mfaransa, Michel Eugène Chevreul, aliyepewa mwaka 1824 kazi ya kusimamia utiaji rangi katika karakana ya Gobelins, Paris, panapofumwa mazulia ya ukutani. Watu walilalamika kwamba nyuzi nyeusi za karakana si nyeusi vya kutosha. Alichunguza rangi yenyewe akaikuta haina kasoro. Kasoro ilikuwa katika rangi zilizopakana nayo. Mwaka 1839 alichapisha kitabu kizima juu ya jambo hilo. Fundi wetu hakuhitaji kitabu. Alivitazama viraka vyake, akatikisa kichwa, akasema, "Hizi zinagombana. Zitenganishe."

Tukatafuta katoni mbili kubwa kwa mwenye duka wa chini. Kila moja ikapakwa mikono miwili, ikaachwa na ukingo mweupe wa vidole vinne ili rangi isiguse ukuta wa zamani, ikaachwa ikauke kabisa. Kukauka ni jambo la kungojewa: rangi ya maji ikiwa mbichi huwa nyepesi machoni, na ikikauka hukolea. Kwa juma zima katoni zile zilihama ndani ya chumba. Asubuhi zilikaa karibu na dirisha, mchana juu ya kitanda, jioni nyuma ya mlango ambako mwanga hufika umechoka.

Niliyoyaona juma lile sijayasahau. Dirisha la chumba linatazama kusini. Magazeti ya nyumba tunayoletewa kutoka Ulaya husema chumba kinachotazama kaskazini ndicho baridi, kipakwe rangi ya joto, na kinachotazama kusini kina jua siku zote. Kwetu si hivyo. Nairobi iko zaidi kidogo ya digrii moja kusini mwa ikweta, na jua hutuvuka kichwani mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba. Kuanzia Septemba hadi Machi saa sita mchana jua liko upande wa kusini; miezi mingine liko kaskazini. Kwa hiyo chumba cha mama kilikuwa na jua Januari. Lakini ile miezi ya Juni, Julai na Agosti, wingu linapotulia juu ya jiji kama kifuniko na watu wa Kangemi na Uthiru kuvaa makoti asubuhi hadi jioni, chumba kile hakipati hata mshale mmoja. Hilo nililijua, maana watoto walikuwa wamelala humo. Sikulikumbuka wakati wa kuchagua.

Nililokumbuka ni saa kumi alasiri. Jengo la jirani limepakwa rangi ya chungwa, na saa hiyo jua hulipiga, nalo linamwaga uchungwa wake ndani ya chumba chetu. Magnolia ikawa nyama ya papai. Samawati ikawa karibu nyeupe, tulivu, kama shuka lililofuliwa. Usiku, chini ya balbu, mambo yakageuka: magnolia ikapendeza, samawati ikawa haina uhai. Nikaandika yote haya nyuma ya bahasha. Nilikuwa na nyakati nne za kulinganisha na bado sikuwa na jibu.

Mama akaniuliza, "Nani atalala humu?"

Akazisogelea katoni mpaka pua ikakaribia kugusa. Ya magnolia akaipitishia kiganja. "Hii ni nyeupe?" Nikamwambia ni krimu. Akahamia ya pili, akakaa nayo muda mrefu zaidi. "Hii ni jivu," akasema. "Ni jivu la nyumba yetu. Paka hii."

Nilijua anazungumzia nyumba gani. Nyumba yetu ya Vihiga, kabla hatujajenga ya matofali, ilikuwa ya udongo, na kila Desemba kabla ya Krismasi mama aliisiriba upya. Kwa kimo cha mkono kutoka chini alipaka udongo mweusi uliokandwa na samadi ya ng'ombe. Juu ya hapo alipaka udongo mweupe uliochanganywa na jivu, ambao mimi na dada zangu tuliuchota mtoni kwa karai. Hakutumia kifaa chochote. Alilowesha kiganja, akakipeleka kutoka kushoto kwenda kulia kwa upinde, mpaka mkono ulipofika mwisho wake, kisha akaanza upinde mwingine. Ukuta ukikauka ungeweza kusoma urefu wa mkono wake juu yake. Mstari wa kutenganisha nyeusi na nyeupe aliuchora kwa kidole kimoja, bila kamba, na ulinyooka kuzunguka nyumba nzima.

Kwa hiyo aliposema jivu, nilidhani anakumbuka. Nilidhani moyo wake umechukua samawati yangu ukaifunika kwa rangi ya zamani. Niliguswa, nikafurahi pia kwamba chaguo lake limeangukia langu. Sikufikiri hata kidogo kwamba alikuwa ananieleza kile anachokiona.

Fundi alifanya kazi siku tatu. Siku ya kwanza yote ilikwenda kwenye ile kahawia ya chini, maana rangi ya maji haishiki juu ya rangi ya mafuta mpaka uikwaruze ipoteze mng'aro. Alilowesha msasa na kusugua polepole, ukuta ukitiririka maji ya kahawia. Ningemsihi kila mwenye nyumba ya zamani afanye vivyo hivyo na asikubali vumbi kavu ndani ya chumba cha kulala. Rangi za mafuta za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi; Kenya sasa imeweka kikomo cha sehemu 90 katika milioni, lakini kikomo hicho hakirudi nyuma kubandua kilichokwisha kupakwa. Watoto tuliwapeleka kwa shangazi yao. Siku ya pili alijaza nyufa, akapaka rangi ya chini. Ya tatu, samawati, mikono miwili, mikebe miwili ya lita 4 na ikabaki kidogo. Mama alikaa sebuleni akisikiliza rola. "Anapaka vizuri," akasema. "Hasimami katikati ya ukuta."

Chumba kilikuwa kizuri Februari na Machi. Mvua zikaja, zikaenda. Juni ikaingia na wingu lake, na asubuhi moja nilipompelekea mama chai nikasimama mlangoni nikahisi ubaridi ambao haukutoka dirishani. Kuta zilikuwa zimegeuka. Ile samawati iliyopumua Januari sasa ilikuwa na uso wa maji yaliyosimama. Nikavuta sweta yangu. Mama alikuwa amekaa kitandani, ametulia, anapenda chumba chake. Nikamwuliza kama haoni ni baridi humu. "Ubaridi ni wa nje," akasema. "Humu ni kama nyumbani."

Alipasuliwa jicho la kulia Julai, katika hospitali ya Kikuyu. Ni kazi ya muda mfupi: jicho hutiwa ganzi, lenzi iliyochafuka hutolewa, ndogo ya plastiki huwekwa mahali pake. Usiku ule alilala huko na kitambaa juu ya jicho. Asubuhi kilipotolewa alinitazama usoni akanyamaza, kisha akasema nimekonda. Ndani ya matatu namba 105, tukiteremka kuelekea Kangemi, alisoma. Alisoma kila kitu. Majina ya maduka, bei za viatu, aya ya Biblia nyuma ya lori. Vibanda vilivyopakwa kijani na nyekundu za kampuni za simu alivitazama kama mtu anayepita katikati ya sherehe.

Tulipofika nyumbani akaenda moja kwa moja chumbani. Nikamsikia akiita.

"Mmepaka lini?"

"Februari, mama. Ulikuwapo."

"Si hii. Hii mmepaka lini? Nilipokuwa hospitali?"

Alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono wazi, anageuka polepole kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Nikamwambia hakuna aliyegusa chumba. Akaniangalia kwa mashaka. Kisha, sijui nini kilimwongoza, akanyanyua kiganja akafunika jicho la kulia, lile jipya. Akakaa hivyo. Akahamisha kiganja kwenye jicho la kushoto. Akarudi kulia.

"Njoo," akawaita watoto. "Njooni muone." Lakini hakukuwa na kitu ambacho wao wangeweza kuona. Kwa jicho la kushoto ukuta ulikuwa jivu. Kwa la kulia ulikuwa samawati. Rangi mbili, kutoka mkebe mmoja, juu ya ukuta mmoja, saa ile ile.

Daktari wa macho alinieleza baadaye. Lenzi ya jicho huanza maisha ikiwa angavu kama maji, na miaka ikienda hugeuka njano. Mtoto wa jicho akizidi, huwa kahawia kama chai iliyokolea. Nyekundu na njano hupita humo bila shida. Samawati huzuiwa mlangoni. Ukichukua samawati hafifu ukaiondolea usamawati wake, kinachobaki ni kijivu. Mchoraji Claude Monet alipasuliwa jicho moja mwaka 1923 akiwa na miaka 82, naye pia alilalamika juu ya rangi alizorudishiwa, akavaa miwani yenye vioo vya rangi ili kuzipatanisha. Niliposikia hayo sikufikiria Monet. Nilifikiria asubuhi ile Uhuru Highway, KICC iliyofika machoni mwa mama na wekundu wake wote, na anga nyuma yake ambayo haikufika. Alikuwa ameniambia ukweli mtupu wa macho yake, nami nikamsahihisha mbele ya abiria.

Tangu hapo watu wawili wakibishana mbele yangu kuhusu rangi ya ukuta, na katika ndoa ni ubishi mkali kuliko unavyodhaniwa, siulizi nani yuko sahihi. Nauliza nani hukaa humo, saa ngapi, na taa ipi. Kama kuna mzee, namwuliza yeye kwanza, na namwuliza anaona nini kabla sijamwambia rangi inaitwaje. Jina la rangi huziba masikio. Mimi nilishika neno samawati na nikaacha kusikia kila alichosema mama baada ya hapo.

Nilijitolea kupaka upya. Nilikuwa tayari kununua magnolia siku ile ile, maana kwa jicho lake jipya chumba kilikuwa na ubaridi ule ule niliouona mimi, na mara mbili nilimkuta amejifunika leso mabegani. Akakataa. Jicho la pili lingepasuliwa Oktoba. "Ngoja yote mawili yaone," akasema. "Usinichagulie na nusu."

Miezi ile mitatu aliishi na rangi zote mbili. Asubuhi, kabla ya chai, alikaa ukingoni mwa kitanda na kiganja usoni, akikihamisha huku na huku. Wajukuu walianza kuigiza, wakifunika jicho moja moja na kumwambia na wao wanaona jivu, naye aliwakubalia. Septemba ikaisha, jua likarudi upande wetu wa jengo, na mijakaranda ikaanza kutoa maua. Kutoka dirisha la matatu alihesabu miti hiyo kwa jicho la kulia. Kwa la kushoto, alisema, imefanana na miti iliyokauka.

Jioni ya mwisho kabla ya kurudi Kikuyu aliniomba nitoe katoni zile chini ya kitanda. Nikapangusa vumbi, nikaziegemeza ukutani, mbali mbali, magnolia karibu na mlango na samawati karibu na dirisha. Nilidhani anataka kuchagua. Hakuziangalia sana. Alikaa mahali pake, akafunika jicho la kulia kwa kiganja, akautazama ukuta kwa lile la kushoto. Mkono wake wa pili ulikuwa juu ya goti, na niliona vidole vikienda kidogo kutoka kushoto kwenda kulia, kwa upinde, kisha vikianza tena. Nje kulikuwa kunaingia giza. Nikanyanyuka kwenda kwenye swichi.

"Usiwashe stima bado," akasema.